Tanzania na medali za Michezo ya Jumuiya ya Madola: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Kila Michezo ya Madola inapokaribia, ubishi huwa uleule: Bayi alipata wapi ile dhahabu, Ikangaa alikuwa wa kwanza au wa pili, na tangu lini tunarudi mikono mitupu. Majibu yako hapa chini. Hesabu inaishia Birmingham 2022.

## Mambo ya msingi

1. Michezo ya Madola ni nini, na inatofautianaje na Olimpiki?

Ni mashindano ya michezo mingi yanayokutanisha nchi za Jumuiya ya Madola, ambazo nyingi zilikuwa makoloni ya Uingereza. Yalianza mwaka 1930 mjini Hamilton, Canada, na hufanyika kila baada ya miaka minne. Jina limebadilika mara kadhaa. Mwanzoni yaliitwa michezo ya dola ya Uingereza, na neno "Uingereza" liliondolewa kabisa kuanzia Edmonton mwaka 1978.

Marekani, Ethiopia, Morocco na China hazimo. Lakini anayedhani kwamba kwa sababu hiyo medali zake ni za chee, akumbuke kuwa Kenya, Uganda, Uingereza na Australia zimo. Kwenye mbio ndefu hicho si kijiji kidogo.

2. Tanzania ina dhahabu ngapi?

Sita:

- Filbert Bayi, meta 1,500, Christchurch 1974
- Gidamis Shahanga, marathoni, Edmonton 1978
- Gidamis Shahanga, meta 10,000, Brisbane 1982
- Michael Yomba, ndondi uzito wa bantam, Kuala Lumpur 1998
- Francis Naali, marathoni, Manchester 2002
- Samson Ramadhani, marathoni, Melbourne 2006

Tano ni za riadha na moja ya ndondi. Shahanga peke yake ndiye mwenye mbili, na jina lake ndilo linalosahaulika upesi kuliko yote (tazama swali la 10).

3. Na fedha?

Saba. Titus Simba, ndondi, Edinburgh 1970. Bayi tena, meta 1,500, Edmonton 1978. Zakaria Barie, meta 10,000, na Juma Ikangaa, marathoni, wote Brisbane 1982. Haji Ally, ndondi uzito wa unyoya, Auckland 1990. Simon Mrashani, marathoni, Kuala Lumpur 1998. Alphonce Simbu, marathoni, Birmingham 2022.

4. Shaba je?

Zinazoulizwa zaidi ni za riadha: Simon Robert Naali, marathoni, Auckland 1990, Andrea Geway Suja, marathoni, Kuala Lumpur 1998, John Yuda, meta 10,000, Manchester 2002, na Fabiano Joseph Naasi, meta 10,000, Melbourne 2006. Nyingine zimetoka ulingoni, na mbili za karibuni ni za Birmingham (swali la 13).

5. Mbona nchi yenye medali chache huwa juu ya yenye nyingi kwenye jedwali?

Kwa sababu dhahabu huhesabiwa kwanza. Zikilingana, hutazamwa fedha, kisha shaba. Nchi yenye dhahabu moja tupu itakaa juu ya yenye fedha kumi. Ndiyo maana mwaka ambao Tanzania ilileta medali mbili tu, moja ikiwa ya dhahabu, ilionekana imefanya vizuri kuliko ilipoleta tatu zisizo na dhahabu, kama Birmingham.

## Bayi na zile meta 1,500

6. Mbio za Christchurch zilikuwaje hasa?

Ilikuwa tarehe 2 Februari 1974. Bayi, kijana wa Karatu, alikuwa na umri wa miaka 20. Mwaka mmoja kabla, kwenye Michezo ya Afrika mjini Lagos, alikuwa amemwacha nyuma Kipchoge Keino, kwa hiyo waliofuatilia riadha walimjua. Wasichojua ni kama angethubutu tena.

Desturi ya meta 1,500 siku zile ilikuwa kuviziana. Wakimbiaji wanakwenda pamoja kama msafara wa harusi, kila mmoja anamtazama mwenzake, halafu kengele ya mzunguko wa mwisho ikilia ndipo vita inaanza. Bayi hakutaka mchezo huo. Bunduki ilipolia alitoka mbele na kuendelea mbele, mzunguko wa kwanza akiumaliza kwa chini ya sekunde 55. Nyuma yake walikuwepo John Walker wa New Zealand, akikimbia mbele ya watu wa kwao, na Ben Jipcho wa Kenya, ambaye kwenye michezo hiyohiyo alitwaa dhahabu ya meta 5,000 na ya kuruka viunzi na maji. Pengo likawa kubwa. Kwa mkimbiaji mwingine yeyote ungesema huyu atakata pumzi.

Katika mita za mwisho Walker alikuja. Uwanja mzima ulikuwa wake. Bayi alichungulia nyuma, akamwona, akaongeza. Akamaliza kwa 3:32.16, Walker 3:32.52. Wote wawili walikuwa wamevunja rekodi ya dunia ya Jim Ryun wa Marekani, 3:33.1, iliyodumu tangu 1967. Jipcho akawa wa tatu.

Ukitaka kuona kwa nini wazee wakisikia jina la Bayi hunyamaza kidogo kabla ya kuendelea kusimulia, sababu ni mbio hizo. Hakushinda kwa ujanja wa mwisho. Aliwaambia mapema atakachofanya, na bado hawakumpata.

7. Muda wa Bayi ni 3:32.2 au 3:32.16?

Yote mawili ni sahihi. Saa ya umeme ilisoma 3:32.16. Wakati huo rekodi za dunia za umbali huo ziliandikwa kwa sehemu za kumi za sekunde, hivyo kwenye orodha rasmi ikaingia 3:32.2. Ukikuta vitabu viwili vinatofautiana, hakuna kilichokosea.

8. Rekodi hiyo bado ipo?

Rekodi ya dunia ilivunjwa Agosti 1979 na Sebastian Coe wa Uingereza, 3:32.03. Rekodi ya Michezo ya Madola ilikaa muda mrefu zaidi, miaka 48, hadi Oliver Hoare wa Australia alipokimbia 3:30.12 Birmingham mwaka 2022. Kwa Watanzania, muda wa Christchurch ndio ulioendelea kuwa rekodi ya taifa. Watoto waliozaliwa siku ile leo wana wajukuu.

9. Kwani Bayi hakupata medali Olimpiki?

Alipata, lakini ni ya fedha, na si ya meta 1,500. Ni ya Moscow 1980, kuruka viunzi na maji meta 3,000. Alikimbia vilevile kwa mtindo wake, mbele na kwa pengo, akakamatwa na Bronisław Malinowski wa Poland kwenye mzunguko wa mwisho. Kwenye michezo hiyohiyo Suleiman Nyambui alipata fedha ya meta 5,000. Medali hizo mbili haziingii katika hesabu ya Madola, na hapo ndipo wengi huchanganya.

Mwaka 1976, wakati dunia ilisubiri Bayi na Walker wakutane tena Montreal, Tanzania na nchi nyingi za Afrika hazikushiriki. Zilipinga New Zealand kupeleka timu yake ya raga Afrika Kusini ya makaburu. Walker alichukua dhahabu bila Bayi. Mimi bado naona Walker ndiye aliyepoteza zaidi: mpaka leo hawezi kutajwa kwenye dhahabu ile bila mtu kuuliza "na yule Mtanzania angekuwepo?"

Walipokuja Edmonton 1978, Bayi alikuwa wa pili, sekunde 0.11 nyuma ya David Moorcroft wa Uingereza.

## Marathoni, ndiko nyumbani

10. Shahanga ni nani?

Ni mtu wa Hanang, na ndiye Mtanzania mwenye mafanikio makubwa kuliko wote kwenye Madola. Edmonton 1978 alishinda marathoni kwa saa 2:15:39, mbele ya Wakanada wawili, Jerome Drayton na Paul Bannon, nyumbani kwao. Miaka minne baadaye, Brisbane, alishinda meta 10,000 kwa 28:10.15, na aliyemfuata alikuwa Mtanzania mwenzake, Zakaria Barie, 28:10.55. Dhahabu na fedha kwa mpigo, tofauti ya kupepesa jicho.

Kwa nini basi Bayi anajulikana zaidi? Rekodi ya dunia hubaki masikioni. Pia Shahanga alishinda kimya kimya, kwa umbali ambao wapiga picha walikuwa wamechoka.

11. Ni kweli Ikangaa alipokonywa dhahabu Brisbane?

Hapana. Alishindwa na mtu aliyekimbia vizuri zaidi siku ile, lakini zilikuwa mbio za kukumbukwa. Asubuhi ya Oktoba 1982 Ikangaa na Shahanga (ambaye siku chache tu nyuma alikuwa ametoka kushinda meta 10,000) walitoka mbele pamoja na kuwaacha wengine mbali. Rob de Castella wa Australia aliwafuata taratibu, kama mtu anayedai deni na anajua anakoishi mdaiwa. Shahanga alipoishiwa nguvu, Ikangaa alibaki peke yake.

De Castella alimfikia kilomita chache kabla ya mwisho. Akampita. Ikangaa akarudi mbele. Wakapokezana hivyo kandokando ya mto, watu wakiwa wamejaa pande zote mbili za barabara wakimshangilia mmoja tu. Mwisho de Castella alikata utepe kwa saa 2:09:18 na Ikangaa 2:09:30. Aliyekuwa wa tatu, Mike Gratton wa Uingereza, alifika 2:12:06. Hao wawili walikuwa na mbio zao wenyewe.

Ikangaa baadaye alishinda New York mwaka 1989 na kuwa wa pili Boston mara tatu mfululizo, 1988 hadi 1990. Hiyo "wa pili" imemganda isivyo haki.

12. Kwa nini medali zetu nyingi ni za marathoni?

Hesabu mwenyewe: dhahabu 1978, fedha 1982, shaba 1990, fedha na shaba 1998, dhahabu 2002, dhahabu 2006, fedha 2022. Nane, na zote za wanaume.

Ukiangalia walikotoka, utaona ramani ndogo: nyanda za juu za kaskazini na kati, Karatu, Mbulu, Hanang, Arusha, Singida. Mwinuko, baridi ya asubuhi, barabara za vumbi. Marathoni haihitaji uwanja wenye raba wala fito za kurukia. Inahitaji barabara, uvumilivu na mtu wa kukuandikisha. Kisha kuna majeshi. Bayi, Ikangaa na Simbu wote walikuwa wanajeshi, na jeshi ndilo lililowapa mshahara huku wakifanya mazoezi. Ondoa nyanda hizo na kambi hizo, na orodha ya swali la 2 inabaki na bondia mmoja.

Kuna jambo jingine lisilosemwa: marathoni ya Madola mara nyingi hukimbiwa polepole. Kuala Lumpur 1998, kwenye joto, Thabiso Moqhali wa Lesotho alishinda kwa saa 2:19, Watanzania wawili wakimfuata. Manchester Francis Naali alitumia 2:11:58, Melbourne Samson Ramadhani 2:11:29. Huko hakuna wa kukuvuta kwa mwendo maalumu kama London au Berlin. Anashinda anayejua kusubiri, na wetu wanajua.

## Ulingoni

13. Mabondia wameleta nini?

Wa zamani zaidi katika orodha yetu ni Titus Simba, fedha ya uzito wa kati, Edinburgh 1970. Aliyempiga fainali alikuwa John Conteh wa Uingereza, ambaye miaka minne baadaye alikuwa bingwa wa dunia wa ngumi za kulipwa. Haji Ally alifika fainali Auckland 1990. Michael Yomba akamaliza kazi Kuala Lumpur 1998. Birmingham 2022 Kassim Mbundwike na Yusuf Changalawe walirudi na shaba moja moja.

14. Kwa nini kwenye ndondi wanatolewa washindi wa tatu wawili?

Anayepigwa nusu fainali harudishwi ulingoni kupigania nafasi ya tatu. Wote wawili hupewa shaba. Kwa hiyo bondia akishinda robo fainali tayari ana medali. Wakati mwingine, kama uzito wake una washiriki wachache, amepanda ulingoni mara moja au mbili tu. Haipunguzi thamani, ila inaeleza kwa nini shaba za ndondi huja kwa jozi.

## Miaka iliyokauka

15. Mwaka 1986 tulipata nini?

Hatukwenda. Nchi 32 zilisusia Edinburgh kwa sababu serikali ya Margaret Thatcher haikutaka kukata uhusiano na Afrika Kusini ya ubaguzi. Ni miaka ambayo Ikangaa alikuwa katika ubora wake. Hayo yalikuwa gharama, na nchi iliyalipa ikijua.

16. Na 2010, 2014 na 2018?

Delhi, Glasgow na Gold Coast: hakuna hata moja. Miaka 16 kati ya shaba ya Naasi na fedha ya Simbu.

Watu hutaja viongozi, bajeti, maandalizi ya dakika za mwisho, na yote yana ukweli wake. Mimi ningeongeza hesabu ya mfuko. Madola haitoi zawadi ya fedha taslimu. Marathoni za miji zinatoa. Mwanariadha mwenye miguu ya marathoni mbili kwa mwaka atachagua wapi? Bayi na Shahanga hawakuwa na chaguo hilo.

17. Simbu alishindwaje na mtu aliyepotea njia?

Swali hili hupendwa sana na wanaopenda kuchokoza. Birmingham, Victor Kiplangat wa Uganda alikuwa tayari ameachana na wenzake alipokosea kona karibu na mwisho. Alirudi barabarani akiwa bado mbele kwa mbali, akamaliza kwa saa 2:10:55. Simbu alikuwa wa pili, 2:12:29, na Michael Githae wa Kenya wa tatu. Tofauti ilikuwa zaidi ya dakika moja na nusu. Kona ile isingebadilisha kitu.

Simbu alikuwa na shaba ya dunia tangu London 2017. Septemba 2025 mjini Tokyo alitwaa ubingwa wa dunia wa marathoni kwa 2:09:48, sekunde 0.03 mbele ya Amanal Petros wa Ujerumani. Ni dhahabu ya kwanza ya Tanzania kwenye mashindano ya dunia ya riadha. Ila, kama ya Moscow, haihesabiwi hapa.

## Mambo ya pembeni

18. Zanzibar ina medali zake?

Kwenye Madola hapana. Wazanzibari hushindana chini ya bendera ya Tanzania. Mkanganyiko unatokana na soka, ambako Zanzibar ina timu yake ya CECAFA na ilitwaa kombe mwaka 1995.

19. Tanganyika nayo inahesabiwa?

Ilishiriki Perth mwaka 1962 kwa jina hilo, mwaka mmoja baada ya uhuru. Ukiona "Tanganyika" kwenye matokeo ya zamani, ni sisi.

20. John Stephen Akhwari alipata medali gani?

Hakupata. Alikuwa wa tano kwenye marathoni ya Edinburgh 1970, na hiyo ni nafasi nzuri sana inayofunikwa na sifa yake nyingine: Mexico 1968, alipoanguka, akaumia, na bado akamaliza wa mwisho, giza likiwa limeingia, goti likiwa limefungwa bendeji. Watu wengi huapa alishinda kitu. Niliwahi kubishana na dereva wa daladala kuhusu hili kutoka Ubungo hadi Posta, na aliniteremsha bila kukubali.

21. Wanawake wako wapi?

Hawamo kwenye orodha ya dhahabu wala ya fedha, na hilo linastahili kuulizwa kwa sauti. Hasa ukikumbuka kwamba Theresia Dismas alileta fedha ya kurusha mkuki kutoka Michezo ya Afrika ya Brazzaville mwaka 1965, miaka mitano kabla ya Titus Simba kupanda ulingoni Edinburgh.

22. Tukijilinganisha na Kenya?

Birmingham peke yake Kenya ilitwaa dhahabu sita, kuanzia Ferdinand Omanyala wa meta 100 hadi Beatrice Chebet wa meta 5,000. Sita ndiyo hesabu yetu yote tangu Tanganyika. Uganda ilipata tatu kwenye michezo hiyohiyo, mbili zikiwa za Jacob Kiplimo.

23. Glasgow 2026 ina nini kwa Tanzania?

Hapa ndipo penye kasheshe. Glasgow ilikubali kuandaa michezo midogo, yenye aina kumi tu, baada ya jimbo la Victoria, Australia, kujitoa. Riadha inafanyika uwanjani, na marathoni haimo. Meta 1,500 nayo imetolewa, mahali pake ikarudishwa maili moja, ambayo mara ya mwisho ilikimbiwa mwaka 1966.

Sasa rudi swali la 2 na uchukue kalamu. Futa marathoni tatu. Futa meta 1,500 ya Bayi, ingawa maili aliijua pia: Mei 1975 mjini Kingston aliikimbia kwa 3:51.0, rekodi ya dunia. Zinabaki meta 10,000 ya Shahanga na ngumi za Yomba.